Bi Sange Abisha Hodi Kinywani mwa Fisi

Nikisema "Ngano!" ninyi semeni "Na ije!" Nikiuliza "Ije na nani?" semeni "Na mwenye pua ndefu!" Wewe unayecheka huko nyuma, itikia na wewe, usinitie hasira.

Ngano! — Na ije!

Ije na nani? — Na mwenye pua ndefu!

Haya. Mwenye pua ndefu ni Bi Sange, kanyama kadogo tu. Yeye na mumewe walikuwa wafagiaji wa vijia vya msituni. Fyagi fyagi asubuhi, fyagi fyagi jioni, mpaka wakazeekea kwenye ufagio. Kisha ikakatwa barabara pana, wanyama wakaacha kupita vijiani, na wazee wa watu wakaambiwa, "Asanteni, nendeni mkapumzike." Utapumzikaje na njaa?

Ndipo Fisi akatangaza kisimani: "Natafuta wafanyakazi! Nawataka wazee hasa! Umri si kitu kwangu!"

Mzee Kobe akaenda, hakurudi. Bi Kanga akaenda, hakurudi. Mume wa Bi Sange akapiga mswaki, akaenda, hakurudi. Watu wakasema, "Kazi imewanogea hao." Bi Sange hakupata usingizi. Mume wa miaka yote ile, aende kazini asirudi?

Akaamua kumfuata. Vijana wakamshauri: "Bibi, paka piko mvi zisionekane, ficha umri, na salamu ndefu uache." Akapaka piko, akaenda.

Jua lilikuwa la utosi, ule wakati tunaowakataza ninyi kuzurura. Ndege kimya. Majani hayatikisiki. Fisi amekaa mbele ya pango lake, tumbo limemjaa mpaka linagusa chini.

Siku hizi mwenye kazi ndiye mkubwa, hata kama umri wake ni wa mjukuu wako. Bi Sange akainama. "Shikamoo, bosi."

Fisi hakuitikia. Lakini tumboni mwake, chini kabisa, sauti zikaitikia: "Marahabaaa..."

Manyoya yakamsimama Bi Sange. Akajaribu tena. "Shikamooni."

"Marahabaaa..."

Na safari hii sauti moja ilikuwa ya mumewe. Aliogopa, jamani! Lakini hakukimbia.

"Nani hao, bosi?"

"Njaa tu hiyo, tumbo linanguruma. Ingia, bibi. Meza yako iko ndani." Fisi akaachama, aaaah! Giza tupu, na ubaridi ukatoka humo.

"Ningeingia, bosi, ila sikulelewa kuingia kwa watu bila kubisha."

"Basi bisha upesi!"

Bi Sange akachomeka pua kinywani. "Hodi!"

"Karibuuu..."

"Hodi, wenyewe!"

"Karibu ndaniii..."

"Mbona hamtoki kunipokea? Mgeni wenu nimesimama juani!"

Humo ndani pakazuka zogo. "Ala! Mgeni yuko mlangoni? Aibu gani hii! Nipisheni nipite!" Kwatu kwatu, kwatu kwatu, nyayo zikapanda kooni. Fisi akataka kufunga kinywa, lakini utamzuiaje mzee anayekwenda kupokea mgeni? Kho! Akatoka Kobe. Kho! Akatoka Bi Kanga, amelowa chepechepe. Khooo! Akatoka mumewe, rangi imempotea, macho hayapepesi. Fisi akalala chini kama gunia lililomwagwa mahindi.

"Mume wangu, mbona hukutoka siku zote hizo?"

"Tuliambiwa tusubiri, tutaitwa," mzee akajibu polepole. "Tukasubiri gizani. Hakuna aliyetuita. Kwani sasa ndiyo nimeitwa?"

Bi Sange akaangua kilio. "Umeitwa, baba. Nimekuita mimi. Twende nyumbani."

Basi wazee mnaotafuta kazi, funzo ni hili: pakeni piko, ficheni umri, na adabu za kizamani ziacheni nyumbani, hazina faida mahali popote. Na mkiambiwa subirini mtaitwa, jamani, kaeni mtulie mngoje. Hakuna aliyewahi kudhurika kwa kungoja.

Ngano yangu nimeitua hapo. Anayeitaka aibebe, anayebisha akamuulize Fisi.