Migongo Mitatu, Mbeleko Mbili

Sogeeni, sogeeni hapa mkekani. Wewe uliyekaa mlangoni ingia ndani, unatuletea upepo. Aliye na karanga mdomoni azimeze kwanza, maana hadithi hii haipendi kutafuniwa. Na yule anayemfinya mwenzake aache, nimemwona. Haya, nyamazeni mpaka msikie kuni zinavyopasuka. Hadithi hii nilipewa na mama yangu, naye alipewa na shangazi yake, na kila aliyeisimulia akifika mwisho alinyamaza yeye, wakasema wasikilizaji.

Hapo zamani, huko Unyamwezi, ambako misitu ni ya nyuki kuliko ya watu, aliishi mrina asali mmoja, jina lake Mihayo. Mkewe aliitwa Nyanzobe. Walijaliwa mabinti watatu. Wa kwanza Milembe, miaka kumi. Wa pili Kalunde, miaka minane. Wa mwisho Sundi, miaka mitano, kitindamimba mwenye enzi yake: alilala na mama, alikula na mama, na mama akienda kisimani yeye yuko nyuma ameshika ncha ya nguo.

Basi Nyanzobe akapata mimba. Mwezi wa nne tumbo likawa kama la mwezi wa nane. Mkunga wa kijiji, Bi Kashindye, akalipapasa huku, akalipapasa kule, akacheka peke yake. Hakusema kitu. Alimwonyesha Nyanzobe vidole viwili, akavikunja upesi.

Kwa nini hakusema? Watu wa kijiji kile walikuwa na mwiko: mapacha walio tumboni hawahesabiwi kwa mdomo. Ukitaja wawili, mmoja atasikia, atajiona amezidi, atageuka kurudi alikotoka. Kwa hiyo ukiulizwa mama yenu ana nini, unajibu, "Mama amebeba mzigo." Basi. Mzigo ni mmoja au ni kumi, hayo si ya kusema.

Tena walikuwa na desturi yao. Mapacha wakizaliwa hukaa ndani mpaka kitovu kianguke, kisha hutolewa nje kwa mbeleko mbili, kila mmoja mgongoni kwa binti wa nyumba ileile. Binti aliyekuvusha kizingiti siku hiyo utamwita mama maisha yako yote. Akizeeka utamlisha. Akifa utamzika. Mabinti watatu walilijua jambo hilo, na kila mmoja alikuwa amekwisha kuupima mgongo wake kimoyomoyo.

Bi Kashindye akaacha amri: Nyanzobe asiiname, asitwange, asibebe maji, alale mpaka siku zitimie. Na Mihayo je? Msimu wa asali ulikuwa umefika, na asali ndiyo iliyokuwa chakula chao na nguo zao. Akawaita mabinti zake, akawaambia anawaachia mama yao, akapotelea porini na kamba zake. Nyumba ikabaki mikononi mwa watoto.

Alfajiri Milembe yuko kisimani. Asubuhi Milembe yuko kwenye kinu. Mchana Milembe yuko jikoni, jioni anaokota kuni, halafu anamkanda mama miguu iliyovimba. Kesho vilevile. Kesho kutwa vilevile. Mchi ulikuwa mrefu kuliko yeye, akawa anapanda juu ya jiwe ili atwange. Wenzake walipita wakimwita waende kuchuma uyoga, akawajibu kwamba uyoga hautwangi mtama. Mikono ikatoka malengelenge, malengelenge yakapasuka, yakawa sugu. Hakulalamika, ila alikuwa mkali. Aliwaamuru wadogo zake kama mama mkwe.

Kalunde alikuwa mtoto wa "nakuja". Kalunde, lete maji. Nakuja. Kalunde, chambua mlenda. Nakuja. Ukimtafuta yuko juu ya mti, au anafukuza panya buku, au yuko ghalani na karanga za mbegu. Siku moja Milembe akamwambia kwamba hana tofauti na kichanga, kula na kulala. Kalunde akasema angalau kichanga hakipigiwi kelele.

Na Sundi ndiye aliyekuwa mwiba wa nyumba. Kila siku alilala kichwa kikiwa juu ya tumbo la mama, sikio likisikiliza. Alijua mmoja anakaa kulia na mwingine kushoto. Wa kulia ana kwikwi, wa kushoto ana mateke. Na alisema. Mgeni akiingia, hata hajaketi, Sundi anamwambia, "Wako wawili, na mimi siwataki." Mama alimziba mdomo. Milembe alimfinya. Majirani walitema mate chini kufukuza balaa. Sundi akashusha bei: kama haiwezekani warudishwe wote, basi arudishwe yule wa mateke.

Siku ikafika kabla ya siku zake. Mvua ilikuwa imenyesha tangu asubuhi. Saa nane mchana Nyanzobe akashika nguzo ya nyumba, akamwita Milembe kwa sauti ambayo Milembe hakuwahi kuisikia. Bi Kashindye hayupo, amekwenda msibani mwendo wa siku mbili. Majirani wako mashamba ya mbali wanapanda, wamelala hukohuko. Amebaki mkunga mmoja tu wa kuitwa, Bi Ngollo, na yeye anakaa ng'ambo ya mbuga, na mbuga imejaa maji.

Milembe hakuweza kumwacha mama. Akageuka kumtazama Kalunde. Kalunde hakusema nakuja. Alikuwa ameshaondoka.

Aliikata mbuga ile maji yakimfika kiunoni, kisha kifuani, udongo mweusi ukimvuta miguu. Alianguka, akanywa tope, akasimama. Nyoka alipita mbele yake akiogelea kichwa juu, naye akasimama kumpisha kama mtu anavyompisha mkubwa njiani. Alifika kwa Bi Ngollo akiwa tope tupu, mpaka yule bibi akauliza ni mfinyanzi gani amemsahau mtoto huyu mvuani.

Kalunde akamwambia kwamba mama amebeba mzigo na mzigo unashuka. Sasa, ng'ambo ile hawakuwa na mwiko wa mapacha. Bi Ngollo akaelewa mimba tu, kama ambavyo mngeelewa nyinyi. Akamuuliza kama ni uzazi wa kawaida, ili ajue kama amchukue na binti yake waliyezoea kusaidiana naye kazi nzito. Kalunde akafungua mdomo. Akakumbuka. Akaufunga. Akatikisa kichwa kuwa ndiyo, wa kawaida.

Binti akaachwa nyumbani. Wakarudi wawili, Kalunde mbele na fimbo akipima kina, bibi nyuma ameshika bega lake.

Huku nyumbani Milembe alikuwa amemfungia Sundi kwenye banda la mbuzi. Alisema leo ndiyo leo, na mdomo wa huyu mtoto ukiachwa ndani utaua mtu.

Bi Ngollo aliingia, hata hajakausha mikono, mtoto wa kiume akatoka analia. Huyo ndiye Kulwa. Bibi akafunga kitovu, akamchukua mpaka barazani kwenye mwanga ili amsafishe, akamwagiza Milembe uji. Nyanzobe alikuwa amelala macho yamefumba, hana nguvu ya kusema hata neno.

Sundi akatoka bandani kwa chini ya mlango, njia ya wana-mbuzi. Akapenya hadi kitandani, akalala mahali pake pa siku zote, sikio juu ya tumbo. Kisha akaenda barazani ananuka mbuzi, akasema, "Bibi, yule wa mateke bado yumo."

Bi Ngollo akacheka. Akamwambia hilo ni kondo la nyuma, litashuka lenyewe.

"Kondo halipigi teke," Sundi akasema.

Bibi akaacha kucheka. Akamtazama Kalunde, Kalunde akaangalia miguu yake. Akamtazama Milembe, Milembe akaangalia moto.

"Nawauliza nyinyi wakubwa. Mama yenu ana watoto wangapi?"

Milembe akajibu. "Mama amebeba mzigo, bibi."

Bi Ngollo alikuwa mtu mzima, alijua watu hufunga maneno yao kama wanavyofunga akiba. Akainama mpaka uso wake ukakaribiana na uso wa Milembe. "Na mzigo umeshuka wote?"

Milembe akatikisa kichwa kuwa bado, machozi yakimtoka.

Kulwa akatiwa mikononi mwa Kalunde pamoja na tope lake, bibi akakimbilia ndani. Mtoto alikuwa amelala mkingamo. Akamgeuza polepole kwa mikono yake miwili, jasho likimdondoka, mpaka akatoka: mtoto wa kike, mlegevu kama kitambaa kilicholowa, wala halii. Akamsugua mgongo. Akampiga nyayo. Akampulizia puani. Kimya.

Chini ya kitanda sauti ndogo ikasema, "Basi abaki. Nimesema abaki."

Mtoto akapiga chafya. Huyo ndiye Doto.

Siku ya saba vitovu vikaanguka. Mihayo alikuwa amerudi na asali yake, Bi Ngollo ameitwa na binti yake, Bi Kashindye ametoka msibani, majirani wamejaa uwanjani. Mbeleko mbili zikatandikwa kitandani. Nyanzobe akawaita mabinti zake wachukue watoto, na mabinti watatu wakaja, wakainamisha migongo mitatu.

Nyanzobe akawatazama. Akawaambia waseme.

Milembe akaanza. "Mama, mimi nimetwanga miezi mitatu. Unga ulioula wewe ndio uliowakuza hao. Mbuga imevukwa siku moja, kisima nimekwenda kila siku. Kama kubeba ni kazi, nani amebeba kunizidi?"

Kalunde akamuuliza ni nani basi aliyemfungia Sundi na mbuzi. Milembe akajibu kwamba alifuata mwiko aliofundishwa. Na yeye Kalunde je, si ndiye aliyeulizwa na mkunga akatikisa kichwa?

"Nilitikisa," Kalunde akasema. "Nami naliota jambo hilo usiku. Lakini bila mimi mngemwambia nani, mbuzi? Sikutwanga, ni kweli, na karanga nilikula. Siku ile hakuna aliyeniita mara mbili. Nimepita kwenye maji yale kwenda na kurudi, na wote wawili wamezaliwa kwa mikono niliyoileta mimi."

Wakamgeukia Sundi. Sundi akasema, "Doto ni wangu," kisha akaona halijatosha. "Nyie mlinyamaza. Mimi nilisema."

Jirani mmoja akauliza hapo nani atambeba nani, maana mtoto huyu akifungwa kichanga mgongoni miguu ya kichanga itaburura chini. Watu wakacheka kidogo. Milembe hakucheka. Akamwambia Sundi kwamba ni yeye aliyeomba wa mateke arudishwe, mara ngapi, mbele ya watu wangapi. Huenda mtoto alisikia, ndiyo maana akalala mkingamo akisitasita mlangoni.

Sundi akaanza kulia. "Na nilipomwambia abaki, je, hakusikia?"

Hapo watu wakawageukia wazee. Mihayo akaulizwa, akasema yeye alikuwa porini, na asiyekuwapo hakati shauri. Bi Kashindye akasema mwiko ni mwiko. Bi Ngollo akasema kwao wangehesabu. Nyanzobe akawachukua wanawe wawili, mmoja kila mkono, akakaa nao muda mrefu. Kisha akawafunga kwenye migongo miwili, wakatoka nje, na mgongo mmoja ukabaki umeinama pale ndani, unangoja.

Msiniambie wangebeba kwa zamu, kizingiti kinavukwa mara moja. Msiniambie mama angebeba mmoja mwenyewe, yeye ni mama yao tayari.

Miaka ikapita, wazee wakafa, mali ikagawanywa bila ugomvi. Milembe alirithi shamba la bondeni. Kalunde alirithi ng'ombe mweupe na ndama wake. Sundi alirithi shanga za kiunoni za mama, za buluu. Kulwa alirithi msitu wa baba, Doto akarithi nyumba. Na katika uzee wao, wawili kati ya mabinti wale walikuwa na mtu wa kuwaita mama kila asubuhi na kuwaletea uji wa moto. Mmoja aliitwa dada, kwa heshima zote, uji ukamfikia baadaye.

Mimi nimefika mwisho, nanyamaza. Semeni nyinyi. Milembe wa kila siku, Kalunde wa siku moja, Sundi wa neno moja. Je, ni mgongo wa nani uliostahili kubaki mtupu?