Siku Arobaini na Tatu Zilizotupwa

Hapo zamani, tena si zamani ya majini na wafalme, ni zamani ya juzijuzi tu, palikuwa na watu watatu katika chuo kimoja cha nyanda za juu, na watu hao watatu waligombea kitu kimoja kisichogawanyika.

Wa kwanza aliitwa Sekela. Wa pili aliitwa Tumsifu. Hao wawili walikuwa wanafunzi wa shahada ya uzamivu ya fizikia, chini ya msimamizi mmoja, Profesa Kokubelwa, mama asiyecheka na mtu hovyo. Wa tatu alikuwa Mzee Ngailo, fundi wa maabara. Huyo alikuwa ameshakaa katika jengo lile miaka thelathini na mmoja, na hakuwa mwanafunzi wa mtu.

Sasa, shahada hiyo haipatikani kwa kuombewa dua. Kwanza usome masomo ya darasani, uyafaulu. Halafu ukalie mtihani wa kufuzu, uufaulu. Halafu usimame kwenye semina wakubwa wakuhoji mpaka shati liloe. Halafu uchapishe makala mbili. Halafu uandike tasnifu, uitetee mbele ya jopo. Na juu ya yote hayo, kanuni ilisema, tasnifu iwe na jambo jipya ambalo ulimwengu haukulijua, nalo uwe umelipata wewe mwenyewe. Yote kabla ya miaka saba kwisha. Ikiisha, jina lako linafutwa, unakwenda zako.

Sekela alitangulia. Alifaulu masomo, akafaulu mtihani wa kufuzu mara ya kwanza. Tumsifu alikuja miaka miwili nyuma yake, akafaulu masomo, akaanguka mtihani. Nani alimfundisha mpaka akaufaulu mara ya pili? Sekela. Alimkalisha ubaoni miezi minne, akimrudisha nyuma kila alipopotea, ndipo Tumsifu akaanza kumwita dada.

Basi katika mwaka wa nne wa Sekela, radi ikapiga jengo, ikaunguza chombo chake cha kupimia. Kingine kikaagizwa, kikaja kibovu, kikarudishwa, kisije tena. Makala mbili alikuwa nazo tayari, semina alishapita. Kilichobaki ni lile jambo jipya, na bila chombo angelipata wapi? Tumsifu naye chombo chake kilikuwa juu ya paa la jengo la pili, kikihesabu chembe zinazoanguka kutoka angani, zile ndogo zisizoonekana, zinazotupita mwilini kutwa kucha. Radi haikukigusa. Hapo wivu ukaingia.

Haukuingia kwa kishindo. Tumsifu alipochapisha makala ya kwanza, Sekela alimpongeza, kisha akaenda kujifungia maliwatoni. Alipochapisha ya pili, alimpongeza tena, na mchana ule hakula. Profesa, yule yule asiyecheka, akaanza kunywa chai na Tumsifu ofisini, mlango wazi, na Sekela akipita anasikia kicheko. Alijua ni wivu. Aliujua kwa jina lake, na bado akaulisha. Kanga zinasema wivu ni kidonda, ukishiriki utakonda. Naye akakonda kweli, sketi zikawa zinampwaya.

Tumsifu akapangiwa tarehe ya kutetea. Sekela alikuwa amebakiwa na miezi mitatu tu katika miaka yake saba. Kama ilivyo desturi ya idara, wiki tatu kabla ya utetezi tasnifu iliwekwa mezani maktaba, kila apendaye aisome. Sekela akaichukua. Hakuichukua kujifunza. Aliichambua kama mtu anayechambua mchele wa mke mwenza, akitafuta jiwe.

Tasnifu ilisema hivi: katika mlima ule uliobeba chuo, ambako hakuna aliyewahi kupima, hesabu ya chembe imetulia miaka minne, haipandi wala haishuki. Lakini nyuma kabisa, kwa maandishi madogo, ilisema siku arobaini na tatu zimeondolewa kwa sababu ya hitilafu ya chombo. Watu wa maabara ile wana jina lao. Wanaziita siku chafu. Hesabu ikiruka bila sababu unayoijua, siku ile ni chafu, unaitupa. Wote hutupa. Sekela mwenyewe alishatupa zake.

Safari hii hakukubali. Alikwenda kwa Mzee Ngailo kumuuliza siku zile chombo kilikuwa kinaumwa nini. Mzee akamvutia madaftari yake. Alikuwa na mazoea ambayo hakuna aliyemtuma: kila asubuhi na kila jioni aliandika hali ya hewa kwa mkono, miaka yote thelathini na mmoja. Sekela akafungua tarehe ya kwanza: wingu zito juu ya mlima, ngurumo, hainyeshi. Akafungua ya pili: wingu zito, ngurumo, hainyeshi. Ya tatu: wingu zito, ngurumo, hainyeshi. Akaenda hivyo hivyo mpaka ya arobaini na tatu. Chombo hakikuwa kigonjwa hata siku moja. Lile wingu lisilonyesha ndilo lililokuwa likizizalisha zile chembe zilizozidi.

"Nilimwambia," Mzee Ngailo akasema. "Mwaka wa kwanza kabisa nilimwambia, hii mashine yako inaruka wingu likikaa pale. Akaniambia nibadilishe waya. Nimebadilisha mara tatu."

Sekela angeweza kumwambia Tumsifu. Ofisi zao zilitazamana. Alimsalimia kila asubuhi kwa wiki tatu. Tumsifu akamwomba amsikilize akifanya mazoezi ya kutetea, naye akakaa, akasikiliza mwanzo hadi mwisho, akamwambia ni nzuri. Na moyoni alikuwa na raha, raha mbaya, ambayo hakuwahi kuionja maishani mwake.

Siku ya utetezi ukumbi ulijaa. Mama yake Tumsifu alitoka Upareni, akaketishwa mbele na kitenge chake kipya. Tumsifu akaeleza, akahojiwa, akajibu. Mtahini wa nje akaridhika. Mwenyekiti akauliza kama kuna mwenye swali ukumbini, kama ilivyo desturi, na kwa desturi hiyo hiyo hakuna anayeulizaga. Sekela akasimama. Akauliza zile siku arobaini na tatu zilitupwa kwa nini. Tumsifu akasema hitilafu. Sekela akafungua daftari, akaanza kusoma, tarehe kwa tarehe. Kufika ya kumi, Tumsifu alikuwa ameketi. Kufika ya ishirini, mtahini wa nje alikuwa anaandika. Kufika ya arobaini na tatu, sauti iliyobaki ukumbini ilikuwa ya yule mama, akimuuliza jirani yake kwa kunong'ona mbona mwanawe amekaa chini.

Utetezi ukasitishwa. Mtahini wa nje akasema tasnifu kama ilivyo imeanguka, lakini jambo lililosomwa pale ni jipya, na linatosha shahada. Shahada moja. Kanuni ya chuo ilikuwa wazi: jambo jipya moja halibebi watu wawili. Wakaitwa wote watatu, pamoja na Mzee Ngailo, mbele ya jopo katika chumba kidogo.

Tumsifu akasema, "Ni langu. Chombo nilikipandisha paani kwa mabega yangu, nikakilinda miaka minne. Kila namba iliyosomwa pale nimeipima mimi. Nilikosea kuzitupa, lakini hata takataka za nyumba yangu ni zangu. Angeniambia wiki tatu zilizopita, leo ningekuwa nimeliandika."

Sekela akasema, "Ni langu. Alikuwa nalo miaka minne akaliita uchafu. Kugundua ni kukiona kitu, si kukaa nacho. Masharti mengine nimeyatimiza, tasnifu yangu inangoja hili tu. Nikilikosa, mwezi wa sita jina langu linafutwa."

Mzee Ngailo akasema, "Joho mimi silitaki, na mitihani yenu sikuikalia. Ila wa kwanza kusema ni mimi, na wa kwanza kuandika ni mimi. Kanuni yenu inasema awe amelipata mwenyewe. Basi yeyote kati ya hawa akiapa kwamba ni lake, ameapa uongo, na ninyi mtaupigia muhuri."

Profesa Kokubelwa akavua miwani. Akamuuliza Sekela, alipoyafungua yale madaftari alikuwa anatafuta nini.

Sekela angeweza kudanganya. Akamtazama Tumsifu, akamtazama Profesa, akasema, "Kosa lake."

"Na kama usingemwonea wivu?"

"Nisingeyafungua."

"Dada," Tumsifu akasema taratibu, "ulinisikiliza nikifanya mazoezi."

Na niwaambie ukweli wote: hata pale, mbele ya jopo, Sekela aliona wivu tena, sasa kwa Mzee Ngailo, kwa kuwa ndiye peke yake mle ndani asiyekuwa na cha kuogopa.

Jopo lilikuwa na watu wanne. Mmoja akasema Tumsifu. Mmoja akasema Sekela. Mtahini wa nje akasema mzee ana haki, asipewe yeyote. Ikabaki kura ya Profesa, aliyewalea wote wawili, na aliyekuwa akizisaini ripoti za zile siku chafu mwaka baada ya mwaka bila kuuliza.

Akimpa Tumsifu, amempa mtu kitu alichokitupa kwa mkono wake. Akimpa Sekela, ameuvika wivu joho. Akimsikiliza Mzee Ngailo, ukweli umesimama, lakini wawili wanarudi makwao mikono mitupu, na mmoja wao mama yake yuko nje ya mlango anamsubiri.

Ninyi mmewasikia wote. Je, nani alistahili?