Zumari Mpya ya Mzee Shekue

Hapo zamani, na wala si zamani ya mbali, maana paka nitakayemtaja bado yu hai na bado mwizi wa dagaa, alikuwako mpiga zumari jina lake Mzee Shekue. Harusi isiyokuwa na zumari yake watu waliiita kikao. Kisha pumu ikamvamia. Kifua kikabana, zumari ikatundikwa ukutani, na mzee akawa mtu wa kukaa kitako akizisikiliza pumzi zake.

Alikuwa na watoto watatu, nao walimpenda kupita kiasi.

Zena, kitindamimba, ndiye aliyebaki naye. Alifua mashuka kwa maji ya moto, akatoa mazulia yote, akamhamishia paka kwa jirani, na kwa hilo baba alimnunia mwezi mzima. Pumu ikipanda, alimkalisha, akamshikia pampu ya dawa mdomoni, akahesabu naye mpaka kifua kilegee. Hivyo kwa miaka saba.

Mwanamvua, kifunguamimba, alikuwa mtafiti wa maradhi. Aligundua kwamba ndani ya baba yake mlikuwa na jeni inayopiga kelele kila akivuta vumbi au manyoya ya paka, na kelele hizo ndizo zinazovimbisha njia za hewa. Akachukua kirusi, akakiondolea ubaya wake, akakitwika kazi moja: nenda mapafuni, kainyamazishe jeni ile.

Lakini dawa mpya hapewi mzee mgonjwa kabla haijajaribiwa. Kombo, wa katikati, naye alikuwa na pumu, kairithi kwa babaye. Akajitolea kuvuta dozi ya kwanza, ile ndogo ya kupimia usalama. Haikumponya. Tena mwili wake ukakijua kirusi kile, na mwili ni bawabu: ukishamkariri mgeni, haumfungulii tena. Kombo alielezwa yote hayo mapema, akatia saini. Dozi kamili ilipokuwa tayari ilimfaa baba. Yeye akabaki na pampu yake mfukoni.

Miezi ikapita. Siku moja Mzee Shekue akapanda kilima cha sokoni bila kusimama, akafika juu akalia. Akarudi nyumbani akachonga zumari mpya.

Sasa, wapiga zumari wa mji ule wana ada yao. Pumzi ya kwanza ya zumari mpya hupigwa mlangoni kwa mtu mmoja, yule aliyekufadhili kuliko wote. Haigawanywi. Mzee akakosa hamu ya kula, akawaita wanawe.

"Kampigie Kombo, Baba," Mwanamvua akasema. "Mimi nilitoa akili tu. Yeye ametoa nafasi yake ya kupona, na hairudi."

Kombo akakataa. "Kampigie Zena. Kama si yeye, dawa ingekuta kaburi."

Zena alikuwa akimenya viazi, hakuinua uso. "Mimi nilikuzuia usife, Baba. Aliyekuponya ni dada."

Mzee akacheka huku machozi yanamtoka. Alijua milango miwili itabaki kimya, na kila mlango una mwanawe ndani. Akawaambia waende. Nyumba ilikuwa moja na ua mmoja. Kila mmoja akaingia chumba alichokulia, na kila mmoja, baada ya kusema yote yale, akauacha mlango wake wazi kidogo.

Mzee akasimama katikati ya ua, zumari mdomoni, kifua kimejaa.

Haya, nyinyi mnaonisikiliza, mwelekezeni mzee wa watu. Je, nani alistahili?