Mkunga Aliyependa Kahawa

Paukwa!

Pakawa!

Mmeitikia vizuri, hata wale wa nyuma. Sasa fumbeni macho mwone kilima. Mwone migomba imekifunika chote, majani yakidondosha umande, na chini ya migomba kuna mibuni, ile miti ya kahawa, matunda yake mekundu yamebanana kwenye matawi. Mwone nyumba ya nyasi inayofuka moshi. Mnasikia harufu? Hiyo ni kahawa ya Kokubelwa.

Hapo zamani za kale, miti na ndege walipokuwa bado wanazungumza na watu, Kokubelwa alikuwa mkunga. Watoto wote wa kilima kile walipokewa na mikono yake. Naye alipenda kahawa kuliko kitu kingine chochote. Mwanzoni alikunywa kikombe kimoja asubuhi. Kisha viwili. Kisha akaacha vikombe, akanywa kwa kibuyu: asubuhi kabla ya kula, mchana badala ya kula, jioni akiwa amesahau kula. Alikaanga buni mpaka zikawa nyeusi kama makaa, akatia asali mpaka mwiko ukasimama. Na ili asigawane na mtu, alifunga mlango.

"Ma Kokubelwa, hodi," aliita jirani yake, mzee Kaijage, kila asubuhi.

"Sipo," alijibu Kokubelwa kutoka ndani.

"Basi ukirudi, uniambie."

Usingizi ukamkimbia. Moyo ukamdunda kifuani kama mtu anayetwanga. Kisha mikono ikaanza kutetemeka. Siku hizo binti yake, Nyamwiza, alikuwa amerudi nyumbani kujifungua mtoto wake wa kwanza. Aliitazama ile mikono siku nyingi, mwisho akasema.

"Mama, mwezi mpya ukiandama mtoto atafika. Nakuomba usikasirike. Nataka nimwite mkunga wa kilima cha pili."

Kokubelwa akainuka. Alichukua panga, akaenda kwenye mbuni mkubwa kuliko yote, aukate.

Akainua panga. Mbuni ukauliza, "Kokubelwa, nimekukosea nini?"

"Umenifukuzia usingizi."

Akainua panga mara ya pili. "Kokubelwa, nimekukosea nini?"

"Umeitetemesha mikono yangu."

Akainua panga mara ya tatu. "Kokubelwa, nimekukosea nini?"

"Umeninyang'anya mjukuu," alisema.

Ndipo mbuni ulipochanua. Ulichanua wote kwa mara moja, mweupe toka shina hadi ncha. Ukachanua wa pili, ukachanua wa kumi, kilima kizima kikawa cheupe. Harufu tamu ikajaa hewani, ndege wakanyamaza. Panga likamponyoka Kokubelwa. Alikuwa ameishi katikati ya mibuni ile tangu utoto, na ilikuwa kama anaiona leo.

"Chuma tunda moja," mbuni ulisema. "Lipasue. Unaona nini?"

"Punje mbili."

"Mgeni akija kwenu, mnazifanyaje?"

"Tunagawana, tunazitafuna pamoja. Yeye moja, mimi moja. Ndivyo tunavyofanyana ndugu."

"Na leo umegawana na nani?"

Kokubelwa akaukumbuka mlango wake uliofungwa.

"Nenda," mbuni ulisema kwa upole. "Kula kwanza, ndipo uninywe. Usinikaange hadi niwe makaa. Punguza asali mpaka unionje mimi mwenyewe. Na jua likipita utosini, kunywa maji."

Kokubelwa akaenda, akafungua mlango, akapika ndizi. Siku ya kwanza kichwa kilimuuma. Ndege hondohondo akatua juu ya paa, akamcheka: "Kibuyu kinakuita, bibi." Siku ya pili kichwa kikamuuma zaidi. "Kibuyu kinakuita, bibi." Siku ya tatu alikikaribia kibuyu, akakigusa. Lakini Kaijage, aliyeukuta mlango wazi, alikuwa ameshaketi, anasimulia habari za goti lake, akaja kwenye goti la kaka yake, na alipomaliza kahawa ilikuwa imekwisha.

"Ta Kaijage, umeninywea yangu."

"Nimekunywa ya kwangu. Ya kwako uliipuliza mpaka ikapoa, nikaionea huruma."

Kokubelwa akacheka, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu mvua za mwaka uliopita. Siku zikapita tatu, na nyingine tatu, na nyingine tatu. Usingizi ukarudi. Moyo ukatulia.

Mwezi ukaandama. Alfajiri moja Nyamwiza akashika kiuno. "Mama," alisema, "nyoosha mikono."

Kokubelwa akainyoosha. Aliogopa kuitazama, akamtazama binti yake usoni.

Nyamwiza aliikagua kwa muda mrefu. "Asiitwe mtu mwingine," alisema.

Jua lilipochomoza, mtoto wa kike alitoka akitetemeka kama watoto wote wanavyotetemeka, na mikono iliyompokea ilikuwa imetulia kama maji ndani ya mtungi. Kokubelwa alikuwa amepokea watoto wengi kuliko alivyoweza kukumbuka. Lakini asubuhi ile alitazama vidole vidogo kumi, kila kimoja na ukucha wake. Alibaki amepiga magoti tu, mjukuu mikononi, akishangaa kwamba dunia huweza kutengeneza kitu kidogo namna ile na isisahau hata ukucha mmoja.

Hapo hadithi yangu inakaa chini kupumzika. Nanyi, wanangu, nawaomba mkumbuke jambo moja tu: kesho mtu wa kwenu akimimina kahawa yake, kaeni naye mpaka amalize kikombe.