Jicho la Fisi Angani

"Jamani, nianze?"

"Anza!"

"Nikianza mtaniitikia?"

"Tutakuitikia!"

"Basi sogezeni mikeka, na mwenye kikohozi akohoe sasa hivi."

Hapo zamani za kale, wanyama wote wa bondeni walimwogopa Fisi. Hawakumwogopa kwa meno, maana wenye meno walikuwa wengi. Walimwogopa kwa sababu ya nyota.

Upande wa kusini palikuwa na nyota moja kali, inawaka kuliko nyingine zote. Fisi akawaambia, "Mnaiona ile? Lile ni jicho langu la tatu. Mimi nikilala, lenyewe halilali. Linawaona nyote."

Digidigi hakuamini. Akamficha mtoto wake kwenye nyasi ndefu. Kulipokucha, Fisi akaenda moja kwa moja mpaka kwenye zile nyasi, akasimama. "Jicho langu limemwona," akasema. Kumbe alikuwa amenusa tu! Lakini nani angejua?

Tangu siku hiyo ikawa sheria. Kila mwezi ukifa, nyumba moja ipeleke mtoto kwenye jiwe jeupe. Mwezi wa kwanza alitoa Digidigi. Mwezi wa pili alitoa Pimbi. Mwezi wa tatu zamu ikamwangukia Komba.

Komba huyu aliitwa Mwanakombo. Alikuwa na mtoto mmoja tu, Kidawa, ambaye bado alikuwa ananing'inia tumboni kwa mamake. Fisi alikuja chini ya mti wake mchana kweupe.

"Mwanakombo, zimebaki siku tatu."

"Nimesikia, bwana."

"Na usijaribu kumficha. Nakuona."

Usiku wa kwanza Mwanakombo alipanda mpaka kwenye tawi la juu kabisa, akaitazama ile nyota, akaiomba. "Ewe jicho, nihurumie. Sina mwingine." Akalia. Akaona nyota zimekuwa mbili. Akasema, "Ni machozi haya." Akayafuta, akalala.

Usiku wa pili akapanda tena. Hakulia. Akakodoa yale macho yake makubwa, akatazama, akatazama. Nyota ni mbili! Zimekumbatiana kama ndugu waliolala mkeka mmoja.

Usiku wa tatu akapanda tena. Akatazama mpaka shingo ikauma. Na pembeni, mbali kidogo na zile mbili, akaona ya tatu. Ndogo, nyekundu, kama kaa la moto linalotaka kuzimika.

Mwanakombo akashusha pumzi. "Kidawa, mwanangu," akasema, "hakuna jicho la namna hii. Huyu bwana hata haijui hiyo nyota yake."

Hofu ikamtoka. Palipokucha akaenda kwa Nungunungu, wakanong'onezana. Kisha akaenda kwa Tai, akamwomba aje jioni.

Jioni hiyo wanyama wote walikusanyika kwenye jiwe jeupe. Jua likazama, giza likaingia, ile nyota ikatokeza. Fisi akasimama mbele ya jiwe, mate yanamtoka.

"Mlete mtoto."

"Nitamleta, bwana," akasema Mwanakombo. "Ila nina swali. Nyota yako ile, ni ngapi?"

"Ngapi? Ni moja! Hata kipofu anajua."

"Mimi naona mbili."

Wanyama wakaguna. Mwanakombo akamgeukia Tai. "Ndugu yangu, wewe jicho lako linaona panya kutoka mawinguni. Hebu tusaidie."

Tai akainua kichwa, akakaza macho. Mwishowe akasema, "Ni kweli. Ni mbili."

Fisi akakohoa. "Naam, mbili! Nilikuwa nawapima tu. Ni jicho langu la tatu na la nne."

"Na ile ya tatu, nyekundu, pale pembeni?"

Tai akatazama, akatikisa kichwa, yeye hakuiona. Lakini Fisi hakutaka kushindwa na kikomba cha mtini. "Naiona sana! Hiyo nayo ni yangu. Ni jicho la tano!"

"Macho matano!" Mwanakombo akapaza sauti ili wote wasikie. "Basi bwana mwenye macho matano, tuambie. Nyuma yako kuna nini?"

"Hakuna kitu."

"Una hakika?"

"Nina hakika!"

"Umetazama kwa macho yote?"

"Yote matano! Hakuna kitu, nimesema!"

"Basi keti, bwana mkubwa, nikuletee mtoto."

Fisi akaketi, puu!

Nyuma yake alikuwa ameinama Bibi Nungunungu mwenyewe, mgongo juu, miiba yote imesimama.

"Uwiii!" Fisi akaruka. Uwiii! Bonde zima likasikia. Akazunguka, akajikwaa kwenye jiwe lake, akatimua mbio na miiba imemjaa makalioni kama mabua kwenye paa la nyumba.

Wa kwanza kucheka alikuwa Digidigi. Akacheka mpaka akaanguka. Kisha kicheko kikageuka kilio, maana mtoto wake hakurudi, wala wa Pimbi hakurudi. Mwanakombo akamsogelea, akakaa naye mpaka asubuhi.

Lakini tangu siku hiyo hakuna mama wa bondeni aliyepeleka mtoto kwenye jiwe jeupe. Fisi naye hutembea ameshusha makalio, na kabla ya kuketi popote hunusa nyuma yake kwanza. Na nyota zile zipo hadi leo, hazina mwenyewe.

Sasa sikilizeni funzo. Mtu akikutisha kwa kitu cha mbali, kitazame kwanza wewe mwenyewe. Kitazame kwa muda, usichoke, hata kama unalia. Ukishakijua vizuri kuliko yeye, hana tena cha kukutishia.

"Mmesikia?"

"Tumesikia!"

"Basi nimeutua mzigo wangu hapa. Aliyesinzia asiniulize, amuulize jirani yake."