Kwa Nini Ukurasa Huuliza Kabla ya Kufungwa

Zamani, kompyuta zilipokuwa ngeni huku kwetu, programu za kuandikia hazikuuliza chochote. Ukizifunga, zilifungwa.

Ndani ya kompyuta moja waliishi programu wawili. Marembo alikuwa na rangi na herufi za kila namna, lakini alichelewa kufunguka. Mwepesi alikuwa na ukurasa mweupe mtupu, na aliitika mara tu alipoguswa.

"Wewe hata ua moja huna," Marembo alimtania.

"Na wewe mpaka umalize kujipamba, mgeni ameshaondoka."

Mwenye kompyuta, Somoe, alimpenda Mwepesi. Mama yake, Bi Hadia, alikuwa mgonjwa, na sauti yake ilikuwa ikififia. Ni yeye tu aliyebaki akizijua nyimbo za kubembelezea watoto wa ukoo wao, na Somoe alikuwa mjamzito. Basi kila siku mama aliimba kwa kunong'ona, Somoe akaandika kwenye ukurasa uleule, bila kuufunga. Hakutaka programu ya kumchelewesha, maana pumzi ya mama haikusubiri.

Asubuhi moja mama alifika mwisho wa wimbo wa mwisho. "Nimemaliza, mwanangu. Nipe uji."

Kwao, mzee hakupewa chakula na mtu mwenye kazi nyingine mbele yake. Kazi iliondolewa kwanza, ili ajue uko naye. Kwa heshima hiyo Somoe akaufunga ukurasa, hakukumbuka kuuhifadhi. Mwepesi akatii kimya, kama alivyozoea. Somoe akamnywesha mama uji taratibu, na mama akamfuta jasho kwa ncha ya khanga yake.

Somoe alipofungua tena, ukurasa ulikuwa mtupu. Mama alikuwa amelala, na sauti yake haikurudi tena.

"Ungemuuliza tu," Marembo alisema, bila utani safari hii.

"Nilidhani kunyamaza ndiyo adabu," Mwepesi alijibu.

Mtoto alipozaliwa, Somoe alimbembeleza kwa nusu ya wimbo mmoja, ndiyo pekee aliyoikumbuka, akiirudia mpaka mtoto alale.

Na tangu siku hiyo, Mwepesi, Marembo na ndugu zao wote huuliza kabla ya kufungwa: nihifadhi? Watu huchagua programu waipendayo, huyu kwa wepesi, yule kwa urembo, na wengi hukerwa na swali lile. Ninyi wanangu, lijibuni taratibu. Anayeuliza bado anaukumbuka uji ule.