Mbeyu na Riale Nyeusi

Paukwa!

Pakawa!

Nimewaletea fedha.

Ilete tuisikie!

Ni ya kweli au ya uongo?

Igonge, mtambaji, igonge!

Basi naigonga. Sogeeni karibu na moto, na mwenye kikohozi akohoe sasa, maana hadithi hii husikilizwa kwa sikio zima.

Hapo kale, kale ya wazee wa wazee wetu, palikuwa na mji uitwao Mwerere, chini ya mlima wa mawe. Mji ule ulikuwa na chemchemi moja tu, nayo ilitoka ndani ya mwamba. Na ndani ya mwamba alikaa jini, jina lake Mwenye Mwamba. Hakuwa jini wa kuchinjiwa kuku wala wa kupigiwa ngoma. Alitaka jambo moja. Kila kizazi kipya kiliposhika mji, mtu mmoja alimpelekea riale kongwe, sarafu ya fedha, aliyoinunua kwa mali yake mwenyewe. Mwenye Mwamba aliishika, akasema, "Ninaijua," na maji yakaendelea kutoka.

Ikafika zamu ya Tsuma. Tsuma alikuwa mtu wa hadhari. Akatafuta riale, akainunua, akaipeleka mwambani, mji mzima ukimsindikiza kwa vigelegele.

Mwenye Mwamba akaishika. Akaigeuza upande huu. Akasema, "Siijui."

Akaigeuza upande ule. Akasema, "Siijui."

Akaipapasa ukingo wote. Akasema, "Siijui."

Hapo mwamba ukafunguka kama mdomo, ukammeza Tsuma pamoja na riale yake, ukafumba. Chemchemi ikakauka, tone la mwisho watu wakiliona. Kisha ikasikika sauti ya jini: "Nileteeni ninayoijua kabla mwezi huu haujafa. Msipoleta, mtu wenu atakuwa jiwe, nanyi mtahama."

Watu wakatazamana. Wakasema, "Maskini Tsuma, aliuziwa bandia."

Tsuma alikuwa na mke, jina lake Mbeyu. Mbeyu akaweka sikio kwenye mwamba.

"Tsuma! Ee Tsuma!"

"Naam, mke wangu."

"U mzima?"

"Ni mzima, lakini huku ni baridi. Miguu siisikii tena."

Mbeyu hakulia. Mali yake ilikuwa mbuzi mmoja wa maziwa, basi. Akamfunga kamba, akashika njia ya kwenda nyuma ya mlima, kwenye gulio la wanyama, ambako wauzaji ni wanyama wenyewe. Huko ndiko vilikouzwa vitu ambavyo watu walivizika, wakavisahau. Njiani alirudia maneno ya bibi yake mzaa mama: "Fedha kongwe ina mashahidi watatu, sikio, mkono na jicho. Wawili wakikubali na mmoja akakataa, usinunue."

Kufika tu, Kima akamrukia mbele. "Karibu mama, karibu! Usiende mbali, ukienda mbali utaibiwa!" Akafunua kiganja, na ndani yake riale ikameremeta hata Mbeyu akafumba macho.

"Nyeupe hiyo," akasema Mbeyu.

"Nyeupe kama meno ya bi harusi! Nipe mbuzi, chukua."

"Kwanza nizungumze nayo." Mbeyu akaiweka juu ya ncha ya kidole, akaigonga kwa ukucha, akaimba:

"Fedha, fedha, sema nami,
u wa kweli, lia,
u wa uongo, nyamaza."

Riale ikasema, tap. Sauti ya kigae. Mbeyu akaipima mkononi, na ilikuwa nyepesi kama ganda la yai.

"Sikio limekataa, mkono umekataa," akasema. "Hili ni bati, bwana Kima."

"Bati!" Kima akajikuna kwapa. "Basi tusigombane. Nipe nusu ya mbuzi."

Mbeyu akapita.

Akamkuta Fisi, amekaa juu ya ngozi. Fisi alimtazama mbuzi, hakumtazama Mbeyu.

"Mnono," akasema Fisi.

"Nimekuja kununua, sikuja kuuza nyama."

"Nasema riale, shangazi, riale yangu ni nono. Pima mwenyewe."

Mbeyu akaipima. Ilikuwa nzito, uzito wa haki. Mkono ukakubali. Akaiweka kwenye ncha ya kidole, akaigonga, akaimba:

"Fedha, fedha, sema nami,
u wa kweli, lia,
u wa uongo, nyamaza."

Riale ikalia, tii, kisha ikakatika ghafla, kama mtu aliyezibwa mdomo. Mbeyu akainama. Upande mmoja palikuwa na kichwa cha malkia wa mbali mwenye ushungi, upande wa pili ndege mwenye vichwa viwili. Akapitisha ukucha juu ya ushungi wa malkia. Ukucha ukanasa.

"Hapa palitobolewa," akasema. "Ilivaliwa shingoni, kisha tundu likazibwa kwa madini ya risasi."

"Kitundu!" Fisi akacheka. "Hata wewe una matundu ya masikio, na mume alikuoa."

"Na wewe alikuoa nani, hata ukajua?" akajibu Mbeyu, akavuta kamba ya mbuzi. Fisi akabaki na mate yake.

Jua lilikuwa limeelekea upande wa pili. Mwisho kabisa wa gulio, mahali pasipopita mtu, Kenge alikuwa amelala juu ya jiwe. Mbele yake palikuwa na riale moja, nyeusi kama chini ya chungu.

"Shikamoo, Mzee Kenge."

"Marahaba. Usiniulize bei kabla hujatazama. Na ukitazama, tazama yote. Malkia ana mkwaruzo shavuni. Ndege amechakaa kifuani. Nimekwambia mapema usije ukanitukana baadaye."

Mbeyu akaishika. Uzito wa haki. Akaigonga, akaimba:

"Fedha, fedha, sema nami,
u wa kweli, lia,
u wa uongo, nyamaza."

Jamani, iliitika! Ngiiiii. Sauti nyembamba, ndefu, safi, ikaenda ikazunguka gulio zima. Kima akanyamaza. Fisi akafumba mdomo. Mbuzi akasimamisha masikio. Hata ilipokwisha, kila aliyekuwapo aliendelea kuisikia.

Sikio lilikubali, mkono ulikubali. Likabaki jicho. Mbeyu akaisogeza karibu na uso. Ukingoni maandishi yalikuwa wima yote, herufi kwa herufi. Pale palipozoea kuguswa, kwenye shavu na kifua, palikuwa laini. Kwenye mabonde, katikati ya herufi na ndani ya nywele za malkia, weusi ulikuwa umelala bila kusumbuliwa.

"Weusi huu ni nini, Mzee?"

"Ni mikono," akasema Kenge. "Kila aliyeishika aliacha kidogo. Jasho lake, moshi wa jiko lake, udongo alimoifukia. Huwezi kuutia weusi huo kwa siku moja. Ila kwa siku moja unaweza kuutoa."

 Mbeyu aliikumbuka riale ya Tsuma. Nayo ililia vizuri. Nayo ilikuwa nzito. Na usiku wa kuamkia siku ya kuipeleka, yeye Mbeyu alikaa nayo mlangoni, na majivu na ndimu, kama wafanyavyo wanawake wote wa Mwerere wanapotoa zawadi ya heshima, akaisugua, akaisugua, akaisugua, hata nywele za malkia zikapotea na riale ikawa kama kioo. Tsuma hakuuziwa bandia. Alinunua ya kweli. Ni mke wake aliyeifuta.

"Unataka nini?" akauliza kwa sauti ndogo.

"Mbuzi. Usiogope, simli. Damu yangu ni baridi na usiku wa mlimani ni mrefu. Nataka ubavu wa kulalia."

Wakapeana. Mbeyu akaifunga riale kwenye pindo la leso, akarudi.

Nyumbani alimkuta wifi yake, Nyevu, dada wa Tsuma, amekwisha kuandaa majivu na ndimu.

"Lete wifi, niisafishe."

"Haisafishwi."

"Utampelekea jini kitu kama sufuria ya matangani? Ndugu yangu yumo mle ndani, Mbeyu! Wataka tumtukane na jini?"

"Wifi, ukiigusa kwa ndimu hiyo, tumemzika Tsuma."

"Mimi nimekuzoea, lakini leo umezidi!" Nyevu akalishika pindo. Mbeyu akalishika pindo. Wakavutana, mji ukakusanyika. Mbeyu akapaza sauti: "Ya kwanza niliisugua mimi! Mimi, kwa mikono hii, kwa mapenzi! Ikiwa hii nayo itakataliwa, mwamba unimeze mimi."

Nyevu akaachia.

Wakaenda mwambani wote, bila ngoma, bila vigelegele. Mbeyu akaita, "Tsuma!" Ndani hakukujibiwa. Akaita tena. Kimya. Akaita mara ya tatu, ikaja pumzi tu, kama ya mtu aliye na jiwe hadi shingoni.

Mbeyu akaigonga riale. Ngiiiii. Mwamba mzima ukaitika.

Mkono wa Mwenye Mwamba ukatoka, mrefu, rangi ya maji ya kina. Ukaishika riale kama mtu anavyoshika kidole cha mtoto mchanga. Kidole chake kikapapasa weusi wake, mahali kwa mahali. Kisha jini akasema polepole:

"Huyu aliitia kiganjani mwa mkewe siku ya harusi, mkono ukiwa na hina mbichi."

Watu wakapiga magoti.

"Huyu aliificha kwenye mtungi wa mtama, vita vilipokuja, wala hakurudi."

Watu wakainamisha vichwa.

"Huyu aliifumbata akifa, na bintiye akamfungua vidole kimoja kimoja. Binti aliitwa Nyevu."

Nyevu akapiga ukelele. Lilikuwa jina la nyanya yake, naye Nyevu ndiye aliyelirithi, na kisa hicho hakuna aliyekijua nje ya nyumba yao.

"Ninaijua," akasema Mwenye Mwamba.

Mwamba ukafunguka. Maji yakatoka kwanza, yakiwa na sauti ile ile ya riale, ngiiiii, watu wakaogopa kuyagusa. Nyuma ya maji akatoka Tsuma, mweupe kwa vumbi la mawe, akitembea kama mtoto anayejifunza.

Akamwambia mkewe, "Mbeyu, wallahi, ile yangu ilikuwa ya kweli."

"Najua," akasema Mbeyu. "Niliiosha mimi."

Tsuma akamtazama. Akateka maji kwa viganja viwili, akamnywesha yeye kwanza.

Basi, enyi mliosikia: ukinunua kitu cha kale, kisikilize, kipime, kitazame. Ukiona alama za waliokutangulia, usizione ni uchafu. Uchafu hutoka mara moja ukarudi. Wao wakitoka hawarudi.

Hadithi yangu imefika ukingoni, na nimeipokea kama ilivyo, sikuisugua. Atakayeisimulia kesho asiipunguze. Na wewe uliyeacha bangili ya bibi yako kwenye bakuli la ndimu jikoni, nenda kaitoe sasa hivi, na hiyo ndimu kaikamulie kwenye mchuzi.